Waitwe Wenye Makokoro

Ndugu zangu wa Kasingirima, na ninyi wa Katonga na Kibirizi ambao maji haya ni yenu pia,

Wiki iliyopita, asubuhi, mwaloni, niliona chandarua kikichomwa moto. Kilikuwa cha buluu, vile vya kugawiwa kliniki, kimeshonewa kamba pembeni na kufungwa vijiwe ili kizame. Kando yake palikuwa na sufuria ya dagaa wachanga, wadogo kiasi kwamba ukiwatazama unaona macho tu. Mwenye chandarua, mama mtu mzima aliyebeba mjukuu mgongoni, alikaa mchangani akiwaeleza waliomkamata kuwa nyumbani hawajala tangu jana. Wakaandika jina lake. Chandarua kikateketea kwa dakika chache.

Hatua chache kutoka hapo lilianikwa kokoro, wavu wa kukokotwa kwa kamba. Hakuna aliyeligusa. Mwenyewe hakuwapo, na huwa hayupo, ingawa umati wote uliojaa pale ulimjua kwa jina, kwa nyumba na kwa namba ya gari.

Sibishi kwamba chandarua kinaharibu ziwa. Kinaharibu. Maji ya kina kifupi ndiko samaki wengi wanakokulia. Kuhe huandaa kiota chake kwenye sakafu ya ziwa, dume na jike wakakaa kulinda vifaranga wao. Kamba ya kokoro ikipita hapo inakokota wazazi, watoto na makazi kwa pamoja. Sababu nyingine za samaki kupungua mnazijua kama mimi: watu tumeongezeka na nyavu zimeongezeka, vilima vimekatwa miti na udongo unateremka kila masika, na maji yenyewe yamepata joto hata rutuba ya kilindini haipandi juu kama zamani. Joto hilo halikutoka kwenye jiko la mama yeyote wa Ujiji.

Ninachokikataa ni hesabu ya nani analipa. Kokoro halivutwi na mtu mmoja. Linataka kundi la vijana kwenye kamba. Kwa desturi ya mwalo, tajiri mwenye chombo hutoa kwanza gharama zake, mafuta, taa, matengenezo, ndipo kilichobaki kigawanywe. Usiku ukiwa mbaya, kijana anarudi na mboga ya siku moja na deni juu. Akikataa kuvuta kokoro kwa sababu ni haramu, nyuma yake wamepanga foleni wengine wenye njaa zaidi. Halafu doria ikija, anayelala mahabusu ni mvuta kamba. Tajiri ananunua kokoro jingine, na ndani ya wiki liko majini. Kwa mpango huu tutawafunga maskini wote wa Ujiji na dagaa bado watakwisha.

Na dagaa wenyewe wanakwenda wapi? Wale wakubwa na safi hupanda treni na mabasi kwenda Dar es Salaam, ambako dagaa wa Kigoma ni jina lenye bei. Tunaobaki huku tunauziwa kwa fungu waliovunjika na wale wachanga. Tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470 kwenda chini, na watoto wetu wanakula ugali kwa mawese. (Wageni wakija Ujiji hupelekwa kuoneshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Wangepitishwa mwaloni alfajiri wangejifunza zaidi juu ya nani huondoka na mali ya mji huu.)

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi katika ziwa letu ulisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Niliunga mkono, na likifungwa tena nitaunga mkono. Samaki lazima apumzike. Ila miezi ile mitatu haikuwa na urefu mmoja kwa kila nyumba. Mwenye duka na nyumba za kupangisha alitumia muda huo kukarabati vyombo. Mvuta kamba na mwanika dagaa walichukua mikopo ya kausha damu, na ziwa lilipofunguliwa walirudi majini na hasira ya deni. Mtu wa namna hiyo humwambii habari ya macho ya wavu.

Kwa hiyo nawaomba haya.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, twende, na tusiende kusinzia. Tudai orodha ya vyombo na wamiliki wake isomwe kwa sauti mbele yetu. BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, wanapaswa kuwa nayo. Kokoro likikamatwa, aitwe mwenye kokoro. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya mabibi wenye vyandarua peke yao.

Mama zangu mnaoanika na kuchuuza, ninyi mna nguvu ambayo doria haina. Kokoro haliishi bila mnunuzi. Siku moja wachanga wakiletwa, kaeni mchangani, mabeseni yamepinduliwa, asinunue hata mmoja mpaka jua la saa nne lipige mzigo wa tajiri. Mmoja wenu akikubali bei ya chini, imeharibika. Najua mdai anagonga mlango jioni ileile. Ndiyo maana vikoba vyenu vikae kwanza, vikubaliane kumfidia kila atakayepoteza siku yake.

Halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Tudai iwafikie watu wa mwaloni kabla ya ziwa kufungwa, si baada ya njaa. Vijana wa kamba hawana kikundi kilichosajiliwa. Wenye elimu ya kujaza fomu, wakalisheni chini muwasaidie. Na vilima tuvirudishie miti. Namna gani, tutaelewana tukikutana.

Matajiri wa vyombo, wengine ni wajomba zangu, nawasihi kwa adabu: kila giza la mwezi likiisha, tengeni kitu cha kuwalisha wavuvi wenu miezi ya kufungwa. Mkiona nawavunjia heshima, mimi naona aibu kubwa zaidi ni bibi kuandikwa polisi kwa sufuria moja huku nyavu zenu zinaanikwa.

Mkutano ujao nitasimama niulize makokoro ya mwalo huu ni ya nani. Nitauliza mpaka nijibiwe au nitolewe nje. Vijana wa kamba, kaeni mbele. Nikitolewa, aliyekaa jirani yangu asimame aulize tena.