"Mtandao haupo" siyo jibu jamani!

Najua nimepotea, msinirushie mawe. Nilikuwa Kilosa kwenye mazoezi ya kufundisha, jana ndo nimerudi kampasi, na nimerudi na hasira.

Shule niliyokuwepo siitaji. Jumatatu moja tunafika ofisi ya taaluma, intaneti hakuna. Kila unayemuuliza anakujibu "mtandao haupo", basi, kama vile amekuambia mvua inanyesha. Akapigiwa fundi Morogoro. Fundi anataka nauli, posho na pa kulala. Hela ikatoka fungu la karatasi, kidato cha pili wakaandikiwa mtihani ubaoni, wa nyuma hawaoni, kelele tupu.

Siku ya nne fundi huyo hapo! Akachomeka laptopu kwenye ruta, akaandika mstari mmoja tu, show ip interface brief, akacheka. Mlango wa kutokea nje umeandikwa "administratively down". Maana yake siyo waya, siyo mnara, ni mtu kaufunga kwa amri. Akaingia kwenye mlango ule, akaandika no shutdown, tukarudi hewani kabla chai haijapoa. Na aliyeufunga nani? Yeye mwenyewe! Jumamosi alikuja kurekebisha mambo yake, akaondoka bila kuufungua. Tukamlipa mara ya pili.......

Sasa wadau, mstari ule unahitaji digrii gani? Kila mlango unakupa maneno mawili. La kwanza linahusu ishara: inafika au haifiki. La pili: pande mbili zinaelewana au hazielewani. Ukiona "down" na "down", shika waya, labda mfagiaji kauchomoa, au upande wa pili wamezima. Ukiona "up" halafu "down", ishara inafika ila lugha haipatani, mfano kwenye laini ya siriali huku wameweka PPP kule HDLC. Hapo mwite fundi, tena umwambie umeona nini, asije kubahatisha kwa hela zenu.

Mwenzangu wa chumbani, yeye alipangiwa Mikumi, anabisha. Eti mwalimu siyo fundi. Eti tarehe 12 Mei 2024, ilipokatika mikongo ya EASSy na Seacom baharini, ungekodolea ruta macho ikuambie "up" na "up" na intaneti bado inachechemea. Ni kweli, hiyo nampa. "Up" mbili zinasema kiungo chako hadi kwa jirani yako ni kizima, hazisemi habari za baharini. Lakini si ndo vizuri? Siku ile aliyetazama alijua tatizo haliko ofisini kwake, hakuita mtu. Asiyetazama ndiye mpaka leo waya ukichomoka anasema mkongo umekatika!

Hoja yake ya pili ilinikera zaidi. Eti nenosiri akipewa mwalimu ataharibu mitambo. Uongo. Kwenye ruta za Cisco ukiingia ngazi ya kwanza, ile yenye alama ya >, mstari ule unafanya kazi, ila kufunga au kufungua mlango huwezi. Unatazama tu. Kwa nini basi shule zisipewe nenosiri la kutazama? Nani anafaidika sisi tukiwa vipofu? Mimi nina jibu langu, nalo lina nauli na posho ndani yake.

Na chuoni kwetu nako! Muhula mzima wa TEHAMA tumekariri maana ya ruta kwenye slaidi. Mtihani nilipata B+. Ruta yenyewe nimeishika kwa mara ya kwanza Kilosa, tena nilikuwa napangusa vumbi.

Kabla sijaondoka niliandika yale maneno mawili na maana zake kwenye karatasi, nikabandika ukutani juu ya ruta. Mkuu wa shule akaniuliza, "Na nenosiri je, mwalimu?" Nikampigia fundi palepale. Mpaka naandika hapa hajapokea simu.