Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam: Mjini Nako Watu Walale

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu ghorofa za juu. Pita Kariakoo mchana, utoke Msimbazi uingie mitaa ya ndani. Chini ni fremu, juu yake fremu tena. Kule juu kabisa, ambako ramani ilionesha vyumba na jiko, utakuta marobota. Sebule imegeuzwa stoo ya viatu, bafu limejaa maboksi, na kwenye ngazi wapagazi wanapishana na mtoto mwenye sare ya shule, maana familia moja mbili bado zimeng'ang'ania. Hazitadumu. Mfanyabiashara analipa kodi ya mwaka kwa mkupuo, haulizi maji, wala hapigi simu usiku lifti ikikwama. Mwenye jengo ampangishe mwalimu kwa lipi?

Simlaumu, anapiga hesabu ya jengo lake. Hesabu ya jiji ni yako. Tena sakafu iliyopigiwa mahesabu ya kitanda na kabati haikukusudiwa kubeba shehena. Baada ya jengo kuporomoka hapahapa Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu, hilo si la kupuuza.

Posta nako kuna yake. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo, wizara zimeacha ofisi mjini, nasi tunaendelea kuwaza ofisi tu. Ikifika saa mbili usiku Mtaa wa Samora umebaki na walinzi. Asubuhi mwendokasi inashuka kutoka Kimara watu wamebanana mlangoni, kisha basi lilelile linarudi na viti vitupu. Wangekuwepo wanaolala mjini na kufanya kazi nje yake, barabara ile ingefanya kazi pande zote mbili.

Wapo watakaosema ardhi ya mjini ni ghali mno kwa makazi. Waende Kisutu na Upanga. Duka chini, familia juu: ndivyo watu walivyoishi huko miaka nenda rudi, na katika majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 wapo wapangaji wa Shirika la Nyumba mpaka leo. Sheria ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya ghorofa kwa hati yake mwenyewe. Kinachokosekana ni msimamo.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakupa nafasi ya kuweka masharti kwenye kibali. Yaweke: kila jengo jipya Kariakoo na Posta liwe na ghorofa za kuishi, na anayeomba kuzibadilisha matumizi akataliwe. Ila usisubiri majengo mapya. Anza na yale yenye kibali cha makazi tayari. Watume wakaguzi wapande mpaka juu, kwa ngazi, wakiwa na ramani yenye muhuri wa ofisi yako mkononi.

Wako,
Mpangaji, Kariakoo