Weka Jina Lako

Kila mwandishi chipukizi hapa Nairobi ana rafiki wa kumshauri: "Anza na jina bandia, bana. Ukiharibu, hakuna atakayejua." Niliufuata ushauri huo miaka miwili. Leo nasema ni ushauri mbovu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda. Kodi ya nyumba nikawa nailipa kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Wengi wa rika langu wanaijua hiyo kazi: unakesha, unatuma saa kumi alfajiri, halafu mtu usiyemjua anaweka jina lake juu na kupewa alama. Sijivunii. Nasema tu mjue nilikuwa nishazoea kutokuwepo.

Kwa hivyo hadithi yangu ya kwanza ilipokubaliwa, nikaitia jina la mtu ambaye hajazaliwa. Malipo yakaja kwa M-Pesa, na M-Pesa haijui jina bandia. Mhariri akaliona jina langu la kitambulisho pale pale. Sasa nilikuwa namficha nani? Mama. Yeye bado alidhani niko chuoni. Hadithi ilisifiwa, nami sikuweza kumsomea hata aya moja. Tuambiane ukweli: lile jina nililichagua kwa aibu, sanaa niliisingizia tu.

Wataniambia malenga wetu wana lakabu. Sawa. Lakini fungua ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo: mshairi anaweka jina lake, lakabu yake, na hata mji wake. Lakabu ya malenga humtangaza.

Wataniambia kuna hatari. Kweli. Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa ajili ya "Kenya: Twendapi?" Anayeandika mambo ya kumfikisha huko ajifiche, na sisi tumfiche. Lakini hadithi yangu ya makanga na mpenzi wake ingenipeleka jela gani?

Eti ukiharibu hakuna atakayejua. Hapo ndipo penye shida! Wasomaji waliponikosoa, nilijiambia wanamkosoa yule mwingine. Nikarudia makosa yale yale miaka miwili mizima, bila haya. Na tayari tunawauzia watu wa ng'ambo sentensi zetu bila jina. Hata hizi chache tulizobaki nazo tuzikane?

Mwezi jana nilienda nyumbani nikamwambia Mama yote: chuo, insha, hadithi. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na hiyo hadithi, imeandikwa jina la nani?" Nikampa simu. Akasoma, akanirudishia.

"Huyu simjui."

Makala haya nimeyawekea majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mkitaka kunikosoa, mnajua pa kunipata.