Mtoto mchanga alale wapi usiku?

Swali la juma hili huulizwa katika kila nyumba inayopata mtoto, na aghalabu hujibiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mama mkwe ana lake. Muuguzi wa kliniki ana lake. Naye yule shoga yako wa kazini aliyejifungua mwaka jana ana picha ya kitanda cheupe cha kupendeza, kilichonunuliwa katika duka moja kubwa la Nairobi, na anakuuliza mbona wewe hujanunua. Wakati huo wote kichanga chenyewe kiko mikononi mwako, saa nne za usiku, na lazima kilazwe mahali.

Natuende Lugulu, kule Bungoma, upande wa barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Nimepachagua kwa kuwa mambo yote yanayolifanya swali hili kuwa gumu hukutana huko. Usiku baridi hushuka kutoka upande wa Mlima Elgon. Mbu wapo. Chumba cha kupanga karibu na soko huwa ndicho sebule, ndicho jikoni na ndicho cha kulala. Tena kila Desemba mabasi ya kutoka Nairobi hushusha akina mama waliobeba watoto wa majuma machache, wanaopelekwa kuonyeshwa kukhu wao, ilhali kitanda cha mtoto kimebaki Umoja au Kayole.

Kitanda ninachokizungumzia ni kile kidogo kinachowekwa kando ya kitanda cha mama na kufungwa nacho, ukuta wake wa upande wa mama ukiwa umeshushwa. Mama hunyoosha mkono tu, akamgusa mtoto, akamsogeza kunyonya, akamrudisha. Sababu ya kukitengeneza ni rahisi kuelewa. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake kwa angalau miezi sita ya mwanzo, lakini juu ya godoro lake mwenyewe. Karibu, ila si pamoja. Kwa wale wanaompa kichanga chumba chake pekee ili waonekane wameendelea, nasema hilo si lazima wala halimfai mtoto wa umri huo.

Huku kwetu mtoto hulala na mama, na hakuna aliyeona ajabu. Sitasema kwamba nyanya zetu walikuwa wajinga, maana hawakuwa. Walilala juu ya ngozi au mkeka, mahali pagumu, pasipo mito minne wala duveti. Leo tunamlaza mtoto kati ya watu wazima wawili, juu ya sponji inayobonyea, chini ya blanketi mbili nzito, na kando yake yuko kaka yake wa miaka mitatu anayerusha mateke akiota. Desturi ina jina lile lile lakini kitanda si kile tena.

Na ikitokea bahati mbaya, lawama zote humwangukia mama. "Amemlalia mtoto." Neno hili ni la kale, limo hata katika ile hadithi ya Biblia ya wanawake wawili waliokwenda kwa Mfalme Suleimani. Nimelisikia likinong'onwa matangani, na mwenye kufiwa ameketi pale pale akilisikia. Ukweli ni kwamba baadhi ya watoto hufa usingizini bila kulaliwa na mtu yeyote, na madaktari hawapati sababu hata baada ya kuuchunguza mwili. Wengine huzibwa pua na mto, na blanketi, au na pengo kati ya godoro na ukuta. Katika giza la chumba kimoja nani atajua lipi ni lipi? Kumpa mtoto mahali pake pa kulala kunamkinga yeye kwanza, na kunamkinga mama yake na neno hilo.

Nisitie chumvi. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Kenya, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hawamalizi mwezi wa kwanza. Wengi wao huchukuliwa na kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Hayo yanataka hospitali. Lakini namna ya kumlaza mtoto ni jambo lililo mikononi mwako, nyumbani kwako, usiku huu.

La kwanza halihitaji hata senti moja: mlaze chali. Si kifudifudi, si ubavu. Najua utakachoambiwa, kwamba akicheua maziwa yatampalia. Hofu hiyo ilikuwa hata ya wataalamu. Tangu miaka ya 1950 Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye vitabu vyake vya malezi vilisomwa duniani kote, alikuwa akishauri mtoto alazwe kifudifudi. Uingereza iligeuza ushauri mwaka 1991 kwa kampeni kubwa, Marekani ikafuata mwaka 1992, na katika miaka michache vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Kuhusu kupaliwa, fikiri jinsi koo lilivyo. Mtoto akilala chali njia ya hewa huwa juu na njia ya chakula chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi hubaki chini. Ukimgeuza kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inakuwa chini. Mcheuze kwanza begani, kisha mlaze chali.

Hapa naomba wazazi wanaofanya kazi wasikilize vizuri. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu. Vifo hivi vya ghafla navyo hutokea zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne. Yaani mama anarudi ofisini katikati ya majuma yale yale ya hatari, na mtoto anabaki na yaya, au na binamu aliyetoka kijijini, au na wewe mwanafunzi uliye likizoni. Mtoto aliyezoea kulala chali akilazwa kifudifudi siku moja tu, eti ili alale usingizi mzito, huwa katika hatari kubwa kuliko yule aliyezoea. Kwa hiyo usimwachie yaya chupa za maziwa na nepi peke yake. Mwonyeshe anavyolazwa, mwache amlaze mbele yako mara mbili tatu, na umweleze sababu.

Sasa tuje kwenye kitanda chenyewe. Katika vituo vingi vya barabara hiyo ya Kitale utawakuta maseremala wakipanga vitanda na kabati nje ya vibanda vyao, na fundi mzuri anaweza kukutengenezea hiki kwa mbao za kawaida. Shida ni kwamba fundi atakutengenezea kitanda cha mtu mzima kilichopunguzwa, kama hukumpa vipimo. Mpe. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili usipenye kichwa kikabaki kimenaswa. Uso wa godoro la mtoto uwe sawa na wa godoro lako, kwa hiyo pima kitanda chako kikiwa na godoro juu yake, si mbao tupu; hili ndilo hukosewa mara nyingi. Ubao wa upande wa mama usiondolewe wote. Marekani inataka ubaki angalau sentimita 10 juu ya godoro la mtoto, na Ulaya sentimita 12, ili mtoto asibingirike akaingia kwenye matandiko yako. Pande nyingine tatu ziwe ndefu. Juu ya nguzo kusiwe na vinundu vya urembo vinavyoweza kunasa nguo.

Kisha kuna ufa. Vitanda viwili vilivyosogezwa tu pamoja huachana kidogo kidogo kila unapogeuka, na ufikapo usiku wa manane pana pengo la kumtosha mtoto kutumbukia uso ukiwa chini. Fundi aweke komeo au boliti, au ufunge miguu ya vitanda kwa mshipi imara upitao chini kabisa, mbali na mtoto. Kila jioni, kabla ya kumlaza, sukuma kwa mkono. Kikiachana hata kidogo, kaza upya. Usijaze pengo kwa nguo au mto, maana huo ndio mtego wenyewe. Mwambie fundi apige msasa hadi kiganja kipite bila kuchomwa, na kama hujui rangi yake ina nini, heri mbao zibaki bila rangi.

Godoro liwe gumu na liwe bapa. Bonyeza kwa kiganja, ondoa mkono, na alama isibaki. Lijae kitandani kiasi kwamba vidole viwili visipate nafasi kati yake na ubao. Juu yake tandika shuka moja iliyobana. Basi. Mto, mwanasesere na yale matakia ya kuzungushia kando viondoke. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa matakia hayo mwaka 2022, pamoja na vitanda vilivyoinama. Kampuni ya Fisher-Price ilikuwa imelazimika kurudisha vitanda vyake vya Rock 'n Play mwaka 2019, baada ya vifo zaidi ya 30. Namtaja kwa sababu vya ng'ambo havikosi kufika kwetu kwa njia ya mitumba, na havina kibandiko cha kukuonya. Ukikuta sokoni kitanda cha mtumba ambacho ukuta wake unateleza juu na chini, kiache hapo hapo. Marekani ilikataza kuuzwa kwa aina hiyo tangu mwaka 2011. Kikikosa skrubu moja pia kiache, hata kama bei ni ya kuokota.

Mbu. Dukani Nairobi hili halitajwi, lakini Lugulu ndilo la kwanza. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa katika sehemu za magharibi mwa Kenya mwaka 2019, huanza mtoto akiwa na miezi sita. Kabla ya hapo chandarua chenye dawa ndicho tegemeo, na kile unachopewa kliniki ukiwa mjamzito si cha kufugia vifaranga. Kitanda cha mtoto kikiongezwa kando, chandarua kilichotosha jana hakitoshi leo. Tafuta kikubwa cha pembe nne, kifunike vitanda vyote viwili, na uchomeke ncha chini ya magodoro pande za nje. Kisimguse mtoto, kwa maana mbu huuma kupitia matundu, wala kisining'inie kikamwangukia usoni.

Baridi nayo huwatia watu wazimu. Mtoto huvikwa kofia, sweta mbili, soksi, kisha akafunikwa blanketi hadi kichwani. Mtoto aliyepashwa joto kupita kiasi yuko hatarini pia. Mvike tabaka moja zaidi ya ulizovaa wewe, kisha mguse kifuani au kisogoni; kukiwa na jasho, punguza. Mikono yake kuwa baridi si neno. Akihitaji blanketi, iwe moja nyepesi, ifike kwapani tu na ichomekwe chini ya godoro. Na jiko la makaa lisilale ndani kwa hali yoyote. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua nyumba nzima, si mtoto pekee.

Kama fedha za fundi hazipo, usidhani umeshindwa. Finland ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama wasiojiweza sanduku la karatasi ngumu lenye vifaa vya mtoto na kigodoro chini, na watoto wengi wakalala humo humo. Wamaori wa New Zealand husuka kikapu bapa cha majani kiitwacho wahakura, ambacho huwekwa kitandani kando ya mama. Kwetu wasusi hawakosekani. Kikapu kipana, kigumu, chenye kitako bapa na kingo fupi, kikiwekwa sakafuni kando ya godoro lako na ndani ya chandarua, kinatosha.

Mtoto aliyezaliwa mdogo sana ni habari nyingine. Huyo madaktari humtaka akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, muda mwingi iwezekanavyo, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Fuata maagizo ya hospitali kwanza, kitanda kitangoja.

Na usiku ambao usingizi utakushinda ukinyonyesha, nao utakuja, heri ukushinde kitandani kuliko kwenye kochi. Kochi ni mahali pabaya kuliko pote, mtoto huzama kati ya mgongo wake na mwili wako. Ondoa mito kabla hujaanza kunyonyesha, na ukizinduka mrudishe kwake. Lakini aliyekunywa pombe, awe baba au mama, iwe busaa au bia ya chupa, asilale na mtoto kabisa. Vivyo hivyo mvutaji wa sigara, na aliyemeza dawa ya kuleta usingizi.

Siku utakayomkuta amejiinua kwa mikono na magoti, ambayo huwa kama mwezi wa tano, mwondoe katika kitanda hiki hata kama angali anaenea. Ubao wa sentimita 10 haumzuii tena. Mwite fundi aongeze ukuta wa nne urefu sawa na ile mitatu, kitengwe na kitanda chako, na uangalie tena boliti zote kabla hajalala humo.