Kabla ya Kushika Spana

Dereva akiona matone chini ya gari, mkono hukimbilia spana. Afadhali atandike boksi la karatasi chini ya injini usiku kucha, kesho yake asome rangi. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki. Kijani au waridi huwa kulanti. Maji matupu baada ya kuwasha kiyoyozi si ugonjwa.

Kwenye injini kuukuu, mara nyingi chanzo cha oili kuvuja ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Mpira wake hukakamaa kwa joto, oili ikachuruzika ubavuni hadi chini, na fundi mwenye haraka akaishia kulaumu sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini ikipoa, kava hufunguliwa, gasketi ya zamani ikatolewa na mfereji wake ukafutwa hadi ukauke. Gasketi mpya ikishawekwa na kava kurudishwa, bolti hukazwa kidogokidogo, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda pembeni. Hapa ndipo wengi huharibu: hukaza kwa nguvu zote, ilhali matundu ya alumini yanayoshika bolti hizo huchakaa upesi. Silikoni haipakwi kotekote (madukani huuzwa kana kwamba ni dawa ya kila kitu). Hutosha kwenye kona zilizotajwa na mtengenezaji.

Majimaji mepesi ya manjano karibu na gurudumu ni habari nyingine: huenda ni mafuta ya breki, na gari halifai kuondoka hapo.