MITINDO YA NGUO

Wako wanaodhani kuwa mitindo ya nguo ni upuuzi wa vijana usiostahili kujadiliwa na watu wazima. Sisi hatukubali. Nguo aliyovaa mtu yaeleza nani amelima pamba, nani ameifuma, nani ameshona, na faida imekwenda kwa nani.

Mpita njia wa Mabawa, mjini Tanga, huona kanga, kanzu, baibui na fulana za mitumba katika barabara moja. Haya hayakuja siku moja. Katika karne ya 19 pwani yetu ilivaa merikani, nguo iliyofumwa katika viwanda vya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilipopunguza pamba, nguo za Uingereza na India zikashika soko. Jina la merikani likabaki. Watumwa walivaa merikani hiyo, au kaniki.

Kisha ikaja kanga. Wanawake wa pwani walishona leso sita kupata vazi moja, na wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kizima. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakajifunga kanga. Haikuwa anasa. Walitaka wajulikane kuwa ni watu huru.

Hapa ndipo twaona asili ya mitindo: binadamu hutafuta heshima. Mmoja huanza, jirani huiga, na wote wakishaupata mtindo, yule wa kwanza huuacha akatafuta mwingine. Nakshi za kanga zimechuja mara nyingi, lakini kanga yenyewe haikufa, kwa sababu ina kazi: hubeba mtoto, husitiri msibani, na hupeleka ujumbe ambao ulimi waona haya kuusema.

Je, amri yaweza kuua mtindo? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Nia ya kulinda utamaduni wa taifa hatuilaumu. Lakini wanawake walibughudhiwa njiani mjini Dar es Salaam, na kumvunjia mtu heshima si kulinda heshima ya taifa. Katika miaka ya 1970 vijana waligeukia suruali za bugaluu, pana chini kama kengele. Nazo zilipita, wala hapakuhitajika fimbo.

Basi jambo la kutushughulisha si urefu wa sketi, bali jasho la mkulima na la fundi. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China ili pamba yetu ituvike. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kufumwa, nasi hununua mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba sokoni. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, Tanzania ikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia ikapoteza nafuu hiyo kwa mavazi yake mwaka 2018.

Hatumlaumu mfanyakazi wa mshahara mdogo anayenunua mtumba, wala ndugu anayeuza apate riziki. Twasema na wale wanaoagiza nguo kwa maelfu: vyama vya siasa vinaponunua sare, vyama vya wafanyakazi vinaponunua fulana za Mei Mosi, na shule zinapochagua sare za wanafunzi. Hao wana uwezo wa kudai kitambaa cha pamba ya Tanzania, kilichoshonwa na fundi cherehani wa mtaani. Wakifanya hivyo mwaka hadi mwaka, kiwanda kitakuwa na mnunuzi wa kutegemewa.

Mitindo na ije na kupita, kama ilivyo desturi yake. Kazi ya kuifuma na kuishona yatupasa tuidai ibaki kwetu.