Kupanga Insha

Mtoto wa Nyakisasa akiambiwa atunge insha juu ya mto Ruvubu, mara hushika kalamu, akaanza. Hutaja maporomoko ya Rusumo, halafu samaki, kisha hukumbuka kwamba mto watoka Burundi, hurudi nyuma. Karatasi imejaa, wala msomaji hajui maji yaelekea wapi.

Fundi wa msonge hafanyi hivyo. Hupigilia kigingi, hufunga kamba, huzunguka nayo akichora duara. Ndipo achimbapo mashimo ya miti.

Wako wasemao kwamba kupanga ni kupoteza saa ya mtihani. Wamekosea. Maneno machache yatosha: Burundi; Ngara; kuungana na Kagera; Rusumo; Ziwa Viktoria. Mto wenyewe umekwisha kumpa utaratibu.

Kazi ngumu ni kufuta. Kisa cha mjomba aliyekimbizwa na kiboko ni kitamu, na labda mtoto akipenda kuliko habari nyingine zote. Lakini kama hakina mahali katika safari ya maji, hana budi kukiacha, hata akiona uchungu. Kiboko atapata insha yake siku nyingine.